Pai ya Msamaha

"Twende, Bess! Twende, usinitie aibu!"

Nyumbu wanne wakavuta. Tangi la samadi likayumba, likashika njia ya kuteremkia malisho ya chini, na kwato zikawa zinagonga ardhi iliyoganda kana kwamba zinabisha hodi kwa mtu asiyetaka kufungua. Elam Glick alikuwa amesimama mbele ya tangi, hatamu mkononi, kofia nyeusi ameishusha mpaka masikioni, ndevu zimeshika barafu ya pumzi yake mwenyewe. Alipofika bondeni akafungua koki. Samadi ikamwagika juu ya theluji, na mvuke ukapanda.

Alijua anachofanya. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko mengine yote. Hakughafilika, wala hakudanganywa na mtu. Alijua kwamba ardhi imekaza na haiwezi kunywa hata tone, alijua kijito kiko palepale chini, na hewa ya asubuhi ile ilikuwa imeanza kulegea, ikinukia mvua. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Jumapili kanisa lilikuwa linakuja kwake.

Kwetu, sisi watu wa kofia nyeusi na magari ya farasi, kanisa halina jengo. Linazunguka nyumba hadi nyumba, na zamu ikikufikia, utaisafisha nyumba yako mpaka uone haya kuikanyaga. Arie, mke wake, alikuwa ameanza kusugua tangu majira ya baridi yalipochanganya. Alisugua kuta, dari, vioo vya taa, akasogeza jiko la kuni akasugua nyuma yake, mahali ambapo hakuna mhubiri aliyewahi kuchungulia tangu dunia iumbwe. Dada zake walikuja wakamsaidia, wakasugua hata vile alivyokwisha kuvisugua. Sehemu ya Elam ilikuwa ni nje. Na nje, shimo la samadi lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, limeanza kutambaa kuelekea uani, pale pale ambapo magari ya farasi yangeegeshwa na wanaume wangeshuka na viatu vyao vya Jumapili.

Angeweza kuliacha shimo lilivyo, watu wangeruka tope na kunyamaza. Lakini kunyamaza kwa watu wetu Elam alikujua. Alikuwa ameshanyamaza hivyo hivyo katika nyua za wengine.

Basi akashuka bondeni na kupanda, akashuka na kupanda, mpaka shimo likapungua na chini kule pakawa na utepe mweusi juu ya theluji, kuanzia kwenye uzio wa juu hadi karibu kabisa na maji.

Alasiri Yonie Beiler akaleta gari la mabenchi. Yonie ni kaka yake Arie, na shamba lake linafuata la Elam kwa chini. Yeye na Elam walikuwa hawajui kusalimiana bila kuchokozana.

"Aa, shemeji!" Yonie alisema, akizungusha macho uani. "Hapa mtu anaweza kula chini bila sahani. Lini uliacha kufuga ng'ombe?"

"Nimewaambia wajizuie mpaka Jumatatu."

"Kanisa lilipokuwa kwangu nilikuona umeziba pua karibu na banda la kuku."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua! Yalikuja ulipolifikia banda, yakapona ulipofika kwenye pai." Yonie akacheka, akaanza kushusha mabenchi. "Subiri tu. Pasaka hii nitakuletea samaki wangu, trauti mmoja, mkubwa kama mkono wa shemasi Benuel. Utajua nani mkulima na nani mfagizi."

Hao trauti walikuwa roho ya Yonie. Alikuwa amechimba bwawa kwa mikono yake, akaweka kilango cha ubao cha kuingizia maji ya kijito, akanunua vifaranga vya samaki, na kwa miaka akawalisha kama watu wanavyolisha watoto wagonjwa. Mwaka huu walikuwa wamefikia kuuzwa. Hoteli za mjini zilikuwa zimeshamwambia alete wote.

Elam alisikia neno kijito likimpita kichwani, akainama akashika ncha ya pili ya benchi.

Mvua ilianza Jumamosi, ya vuguvugu, ikanyesha kama iliyosahau kwamba majira ya baridi hayajaisha. Jumapili asubuhi theluji yote ilikuwa imekwenda. Magari ya farasi yakaingia moja baada ya jingine, uwanja ukawa umekaza kwa kokoto mpya, na hakuna kiatu kilichochafuka. Watu wakaketi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wimbo ukaanza taratibu, kwa ule mwendo wetu wa polepole ambao mtu anaweza kuvuta pumzi, akafikiri jambo, na bado akaukuta wimbo palepale. Elam aliketi karibu na dirisha. Akatazama nje mara moja. Kijito kilikuwa kimefura, rangi ya kahawa.

Akajiambia kwamba vijito vyote leo ni vya rangi ya kahawa. Theluji ikiyeyuka ni kawaida. Akageuza uso kwa mhubiri na hakutazama nje tena.

Baada ya ibada wanawake wakapanga mkate, siagi ya karanga, achari ya matango, biti nyekundu na pai za matufaha makavu. Shemasi Benuel Lapp, mtu mrefu mpole ambaye sauti yake haikuwahi kupanda hata farasi wake alipokimbia, alimshika Elam bega.

"Pasafi, Elam," alisema. "Pasafi kweli."

Yonie naye, mdomo umejaa pai: "Msimpe sifa nyingi, shemasi. Kesho atataka tumpigie kura awe askofu."

Watu wakacheka. Elam akacheka pamoja nao, na akaona raha. Aliona raha kabisa, hilo nalo hakuja kulisahau.

Jumatatu Arie alirudi kutoka kwenye kamba ya nguo akiwa bado na kikapu mkononi. "Samaki wa Yonie wamekufa," alisema. "Wote. Usiku wa kuamkia leo."

Kwetu mtu akipatwa na janga, majirani hawaulizi wafanye nini. Wanakuja tu. Elam alipofika bwawani alikuta wanaume wamekwisha kuvua makoti. Trauti walikuwa wameelea matumbo juu, wengi hadi maji hayaonekani, na harufu iliyopanda haikuwa ya samaki peke yake. Kila mfugaji pale aliijua, hakuna aliyeitaja. Yonie alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, anawachota kwa wavu, anawatia kwenye kreti. Kreti ilikuwa inateleza kwenye matope ya ukingoni.

"Nishikie hapo, shemeji," alisema bila kutazama.

Elam akashika. Asubuhi nzima alishika kreti ile, na Yonie akaijaza, wakaenda kuimwaga shimoni, wakarudi. Kila samaki aliyedondoka ndani alitoa sauti ndogo ya unyevu. Elam alitaka kusema. Neno lilikuja mpaka kwenye meno likakuta watu wengi, likarudi. Akajiambia atasema Yonie akipumzika. Yonie alipopumzika, akajiambia si vizuri kumwongezea mtu mzigo akiwa amechoka. Aibu ina akili sana ya kutafuta udhuru.

"Asante kwa kuja," Yonie alimwambia mwishoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe ndiye uliyefika kabla ya ndugu zangu wa damu."

Jioni Arie alikunja suruali ya kazi ya mumewe, ile ya Ijumaa, akaiweka mezani badala ya kabatini.

"Samadi ya Ijumaa ulipeleka wapi?"

"Chini."

Arie akaichukua ile suruali akaenda nayo.

Sasa, kulikuwa na mpango wa kijito, na inabidi nirudi nyuma kidogo. Denise Rohrer ni mama wa Kiingereza. Kwetu kila asiye wa kanisa letu ni Mwingereza, hata kama babu zake walishuka meli moja na wetu. Kazi yake ilikuwa kusafisha maji ya bonde letu kabla hayajafika mtoni na kutoka mtoni hadi ghuba kuu, ambako watu wa huko walikuwa wamechoka kupokea uchafu wetu. Wenye moyo walikuwa wamechanga, lakini mchango ulikuwa mdogo na mashamba mengi. Denise alikuwa kama mama mwenye unga kidogo na watoto wengi: anapima, anapima tena, anaangalia ni wapi kijiko kimoja kitashibisha zaidi.

Katika vuli alikuwa ameketi jikoni kwa Elam, ramani ya bonde imetandazwa katikati ya sahani.

"Birika kubwa la zege la kuwekea samadi ni ghali, Elam. Nikimjengea mtu mmoja tu, mfuko umekwisha na wengine wote wanabaki hivihivi. Lakini hapa," akaweka kidole kwenye malisho ya chini, "uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie majini, na ukanda wa miti ukingoni. Nimepiga hesabu kila namna. Hakuna mahali katika bonde zima ambapo pesa kidogo itazuia uchafu mwingi kama hapa. Maji ya watu wote yanapita kwako."

"Miti ikiota, na magugu yataota."

"Yataota. Unayaacha."

"Nayaacha?" Elam alimtazama kama mtu aliyeambiwa aende kanisani bila suruali. Malisho yale baba yake aliyafyeka mpaka kwenye maji, na yeye aliyafyeka mpaka kwenye maji, na wapita njia walipunguza mwendo wa farasi ili wayatazame. "Watu watasema Glick amekuwa mtu wa ovyo."

"Basi lipo jingine, na hili halina gharama hata senti. Doug Harnish amepunguza ng'ombe wake. Birika lake lipo nusu tupu. Ukimwomba, wakati wa baridi unapeleka samadi kwake mpaka ardhi ifunguke. Katika mpango wangu wote hakuna kitu rahisi kuliko hicho."

Elam alicheka mpaka akakohoa. "Denise, mama yangu! Unataka niende nikabishe hodi kwa Mwingereza, nimwambie jirani, habari za nyumbani, naomba mahali pa kuweka mavi?"

"Elam!" Arie alisema kutoka penye jiko la kuni. "Mgeni anakula."

Denise naye alicheka, akakunja ramani, akaondoka. Alirudi tena baadaye, jibu likawa lile lile.

Sasa Jumanne baada ya samaki kufa, Denise aliwaita wote kwenye ukumbi wa zimamoto, ambao ndio ukumbi wetu wa kila kitu. Ramani ilikuwa ukutani. Doug Harnish hakuja. Alikuwa na ng'ombe anayezaa. Kutokuwepo kwake kulitosha.

"Tunajua imetoka wapi," alisema mmoja wa nyuma. "Juu kule. Yule ana birika kubwa kuliko sote."

"Na trekta lake halijui Jumapili."

"Birika likipasuka, si linashuka kwetu?"

"Hatujui," Denise alisema. "Naomba tusiseme tusichokijua. Mimi nahitaji kujua kweli, kwa sababu fedha ni ndogo, na nikiziba mahali pasipovuja tumepoteza zote." Alikuwa ameshika kalamu, na ncha ya kalamu ilikuwa imetua kwenye ramani, juu ya malisho ya chini ya Elam Glick. Labda ilitua tu. Elam alitazama kikombe chake cha kahawa, akakitazama kwa makini kama kina maandishi.

Ndipo Yonie akasimama.

"Mimi sitaki kesi," alisema. "Sitaki hata kuulizana. Doug ni jirani. Kama ni birika lake, hakukusudia. Nimeshamsamehe. Niliamka leo nikaona nikikaa na hasira itanila kuliko uchafu ulivyowala samaki. Basi nimemsamehe, na ningependa twende tumwambie, ili asikae na mzigo."

Shemasi Benuel aliitikia kwa kichwa polepole, na uso wake ulikuwa umeng'aa. Kwetu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote mtu anaweza kusema. "Tutakwenda Alhamisi," alisema. "Mimi, na wewe, na Elam, kwa kuwa ninyi ndio majirani wa karibu. Elam, mwambie Arie atuokee pai."

Na Elam, Mungu amrehemu, alisema: "Nitamwambia."

Arie aliioka. Alhamisi alimkabidhi mumewe ikiwa bado moto, imefungwa kwa kitambaa cheupe, na hakukiachia kitambaa mara moja.

"Nimetumia matufaha mazuri," alisema. "Lakini sijui naioka kwa ajili ya nani, Elam."

Walipanda gari la Benuel. Yonie alikaa mbele, Elam nyuma na pai magotini, joto lake likipenya suruali. Njiani Yonie alikuwa mwepesi, anaongea, kama mtu aliyepona homa. Alisema labda ataanza upya na vifaranga wachache. Alisema hoteli zitasubiri, na zisiposubiri, basi. Elam alitazama kisogo cha shemeji yake, nywele zilizokatwa kwa mkasi wa jikoni, na akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu nzito ya mwilini, kama mtu aliyegundua kanisani kwamba amejichafua na hawezi kusimama.

Doug Harnish aliwafungulia akiwa na viatu vya mpira na kofia ya kampuni ya mbegu. Mtu mnene, mwekundu, mwenye haya. Aliwatazama wote watatu, akatazama pai, akatoka barazani akafunga mlango nyuma yake ili mkewe asisikie.

"Nimesikia yanayosemwa," alisema. "Siyo mimi."

"Hatukuja kuuliza, Doug," Benuel alisema kwa upole. "Tumekuja kusamehe."

"Lakini siyo..."

"Usijitese, jirani," Yonie alisema. "Yamekwisha. Kweli, yamekwisha. Sina kitu moyoni."

Masikio ya Doug yaliiva. Akafungua mdomo, na macho yake yakapita juu ya bega la Yonie, yakashuka kilimani, halafu yakaja yakatua kwa Elam. Yakakaa hapo.

Baraza la Doug liko juu. Kutoka pale mtu anaona bonde lote, na karibu zaidi anaona malisho ya chini ya Elam Glick, majani yake mafupi ya kijivu, na katikati yake utepe mweusi ulioteremka mpaka kwenye maji. Mvua ilikuwa imeusafisha kidogo tu. Mtu aliyesimama pale Ijumaa angeona nyumbu, angeona tangi, angemjua hata mwenye kofia. Na Doug alikuwa akisimama pale kila asubuhi na kahawa yake.

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Watu walimsema siku zote hizo, naye alikuwa anajua.

Doug akashusha pumzi. "Basi," alisema taratibu. "Kama mmekuja na pai, mtu hawezi kukataa pai." Akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea kutoka kwa Elam. Vidole vyao vikagusana chini ya kitambaa. "Asanteni kwa kuja."

Ingeweza kuishia hapo. Benuel alikuwa ameshaanza kuvaa kofia.

"Doug," Elam alisema. "Irudishe."

Wakageuka wote.

"Irudishe hiyo pai. Si yako." Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto aliyekamatwa. "Yonie. Geuka nyuma, shemeji. Tazama kule chini kwangu."

Yonie aligeuka. Alitazama kwa muda. Upepo ulikuwa unapiga ukingo wa kofia yake, naye akaishika kwa mkono mmoja akaendelea kutazama, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ijumaa," Elam alisema. "Shimo lilikuwa limejaa. Kanisa lilikuwa linakuja. Nilitaka uwanja uwe..." Neno lenyewe lilimshinda. Halikutoka. "Niliona theluji, Yonie. Nilijua."

Ndani ya zizi la Doug ndama alilia mara moja.

"Ulinishikia kreti," Yonie alisema.

"Ndiyo."

"Jumatatu. Asubuhi nzima. Ulinishikia kreti."

Yonie alishuka ngazi za baraza, akalipita gari la farasi bila kulitazama, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, mgongo wake mweusi ukishuka kilima. Ilikuwa njia ndefu, na njia yenyewe inapita kando ya malisho ya Elam.

Benuel alivua kofia tena. Alionekana mzee ghafla. Doug bado alikuwa ameshika pai kwa mikono miwili, mbele ya tumbo lake, hajui aende nayo wapi.

"Sasa hii niifanyeje?" aliuliza.

"Kula, Doug," Benuel alisema. "Sisi ndio tuliokukosea. Tumekuja mlangoni kwako kukuita mkosaji kwa maneno matamu. Kama unaweza, sasa ni wewe utusamehe." Akainamisha kichwa, akaenda kumfungua farasi.

Elam alibaki. Uso ulikuwa unamwaka, angefurahi ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa bado imeganda nusu.

"Doug. Kuna jambo jingine."

"Sema."

"Shimo langu litajaa tena kabla ya wiki mbili. Na shambani bado siwezi kumwaga." Alitazama viatu vyake. Katika mpango wote wa Denise hiki ndicho kilichokuwa rahisi. "Naomba mahali pa kuweka mavi."

Doug alimtazama sana. Halafu pembe moja ya mdomo wake ikatikisika.

"Denise aliniambia vuli kwamba utakuja kuomba," alisema. "Nilikuachia nafasi. Niliisubiri hiyo hodi mpaka theluji ya kwanza." Akasukuma mlango kwa bega. "Leta."

Kanisa lilipokutana tena, Elam alipiga magoti mbele ya watu, uso mikononi, akasema aliyoyafanya. Akatolewa nje, wakashauriana, akaitwa ndani. Mmoja baada ya mwingine walisema wamekubali, na Yonie naye alisema amekubali, kwa sauti ya kawaida, zamu yake ilipofika. Kwetu jambo likishasamehewa halitajwi tena. Na kweli hakuna aliyelitaja. Elam alimpelekea Yonie mitamba wawili, wazuri kuliko wote zizini. Kesho yake akawakuta wamefungwa kwenye geti lake, wamepigwa brashi mpaka wanang'aa, bila neno. Yonie alikuwa akimsalimia. "Habari za asubuhi, Elam," alikuwa anasema. Neno shemeji hakulisema tena, wala hakumtania.

Denise alileta watu wakati ardhi ilipofunguka. Walichimba nguzo, wakafunga uzio, wakapanda miche ya miti kando ya maji, kila mmoja ndani ya bomba lake jeupe la plastiki ili panya wasiutafune. Kwa fedha iliyobaki wakafika mpaka kwa jirani wa tatu. Arie aliwapa mkate na kahawa. Ng'ombe walisimama kwenye waya wakayatazama maji yao waliyonyang'anywa, wakalia kidogo, wakazoea bomba la kunyweshea.

Halafu majani yakaota. Yakafika vifundoni, yakafika magotini, yakatoa mbegu. Miiba ikaja, magugu ya zambarau yakaja, na ndege Elam asiowajua wakaja wakakaa humo wakipiga kelele. Jumapili magari ya farasi yalipopita yalipunguza mwendo kama zamani, na Elam, akiwa amekaa barazani na shati safi, alijua wanachokitazama. Aibu yake sasa ilikuwa nje kwenye jua, imepangwa mstari mrefu mweupe, kila mtu anaweza kuisoma akiwa njiani. Panga la kufyekea lilikuwa limening'inia ghalani. Kuna siku alilishusha, akajaribu makali yake kwa kidole gumba, akalirudisha kwenye msumari.

Bwawa la Yonie lilikuwa limepungua. Kilango cha ubao kilikuwa kimefungwa tangu siku ile, na kwenye matope yaliyobaki nyasi zilikuwa zimeanza kuota.

Jioni moja ya mwezi wa sita, baada ya kukamua, Elam alishuka kuangalia waya. Alikuwa amefika mpakani, ndani ya magugu, alipomwona Yonie anakuja upande wa pili, peku, suruali imekunjwa, ndoo tupu mkononi. Yonie hakumwona. Alikwenda mpaka kwenye kilango, akaweka ndoo chini, akachuchumaa. Akachota maji ya kijito kwa kiganja, akayainua karibu na uso, akayanusa.

Akayamwaga. Akachota tena, akanusa tena.

Elam alivua kofia, hakujua kwa nini. Magugu yalimfika kiunoni. Alitaka kuita, akaona hana jina la kuitia.

Yonie alijipangusa mkono kwenye suruali. Alitazama juu, kwenye mabomba meupe na majani marefu, akatazama kwa muda mrefu, na kama alimwona mtu humo hakuonyesha. Halafu akaweka kiganja juu ya ubao wa kilango, akauacha mkono pale.